Alama za Mionzi

4 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Habari za huko? Mimi nimefika salama, na mizigo imefika, isipokuwa ile chupa ya mafuta ya kupikia uliyoifunga kwa mifuko mitatu. Imevuja hata hivyo, na nguo zangu zote zinanuka jiko. Msalimie Baba. Mwambie redio yake iko juu ya kabati, sikukimbia nayo. Msalimie na shemeji. Mkumbushe kuwa miwani ya kuchomelea huvaliwa machoni, si kichwani kama taji.

Najua umenuna kwa sababu naandika badala ya kupiga simu. Nakufahamu. Ukisikia sauti yangu imekwama kidogo tu utaanza kulia, nami nitafuata, na salio litaisha hatujasema kitu. Barua haikwami. Na tafadhali usiniombe picha.

Sasa ya hospitali. Daktari wa huko nyumbani alitueleza kwamba titi langu lenye ugonjwa ni la kushoto, moyo uko hapo hapo nyuma yake, na mionzi ya kawaida ikishaingia huendelea mbele. Hii ya protoni inakwenda hadi pale ilipoagizwa, kisha inasimama. Daktari wa hapa aliponieleza tena nikamwambia, "Kwa hiyo hii ina breki." Akacheka mpaka akaweka kalamu chini. Nikamwambia mimi ni mwalimu wa udereva na wanafunzi wangu wananiita Mwalimu Breki, akacheka upya.

Mashine yenyewe huioni yote. Unaona kitanda chembamba, kigumu, na mdomo mkubwa wa chuma unaozunguka polepole. Kilichobaki kimejificha nyuma ya ukuta, karibu jengo zima. Nalala mikono juu ya kichwa kwenye godoro walilolichonga kwa umbo langu. Wamenitia vinukta vya wino kifuani wapate kunilenga mahali palepale kila siku. Kulenga ndiko kunakochukua muda. Mionzi ikija huisikii, wala haiumi. "Pumua kawaida," wanasema kwenye kipaza sauti, na mtu akishaambiwa hivyo anasahau alikuwa anapumuaje.

Nalala hosteli ya wagonjwa, chumba cha vitanda viwili. Mwenzangu ni mama mmoja mstaafu aliyekuwa karani wa mahakama, na wote tunamwita Karani. Haongei sana, lakini akiongea unanyoosha mgongo.

Wamenipa karatasi ya madhara. Uchovu, ngozi kubadilika, mambo madogo madogo. Usijali.

Dada yako, niliyechorwa kama ramani


19 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Barua imefika, mimi mzima, shemeji yako mzima, ila nyusi moja imeungua na anasema ni mtindo mpya. Baba aliiteremsha redio, akaifungua yote mezani, na sasa kuna skrubu zilizobaki bila kazi. Anadai redio zilikuwa zinawekewa skrubu za ziada. Inapiga kelele tu, lakini anaisikiliza.

Mimi nina kazi kubwa ya mapazia ya ukumbi wa mikutano, kitambaa kizito, kinameza sindano. Yule mwanafunzi wako, mwalimu mkuu mstaafu, ameanguka tena mtihani wa barabarani. Anasema mwalimu aliyeshika nafasi yako hana sauti, na yeye bila kufokewa hawezi kugeuza gari.

Dada, umeandika haiumi. Ni kweli? Nakuuliza kwa sababu ya Mama. Unakumbuka alivyokuwa akijifunga kitambaa kifuani chini ya gauni, chumba kikanuka dawa, na tukimuuliza anasema amejigonga kwenye mlango wa kabati? Tulikuwa wasichana, tukaamini. Mwaka mzima mtu kajigonga kwenye kabati lile lile. Mimi tangu ulipopata majibu yako namfikiria sana.

Naomba mimi uniambie. Kama ni vibaya, sema vibaya. Si mtoto tena.

Mdogo wako mwenye vidole vyenye matundu


11 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote. Samahani kwa kuchelewa. Mwandiko ni mbaya kwa sababu meza ya hapa inacheza, usifikirie vingine.

Nimefurahi kusikia ya Baba na skrubu zake. Mwambie mwalimu mkuu nikirudi nitamfokea bila malipo.

Mimi naendelea vizuri. Safari za kwenda kwenye kile kitanda zinakaribia kwisha. Ngozi imeiva kidogo, kama mtu aliyekaa juani bila kofia, basi. Wananipaka krimu isiyo na harufu. Uchovu upo, nikivaa viatu nakaa kwanza, lakini umri huu hata wewe utaufikia. Nakula. Nalala.

Binamu amepita kunisalimia alipoleta mzigo huku na lori lake. Amenikuta nimepumzika, hatukukaa sana.

Kuhusu Mama, tuyaache. Alikuwa na sababu zake.

Jitunze macho na hicho kitambaa kizito.

Dada yako


30 Machi

Dada,

Shikamoo. Sisi wote wazima. Baba anakohoa kidogo asubuhi, ni vumbi. Mapazia ya ukumbi bado sijamaliza.

Binamu alirudi. Hakusema mengi.

Nina maswali kidogo, ukipata nafasi. Ule uvimbe wako, ulipougusa mara ya kwanza, ulikuwa unahama chini ya kidole au ulikaa? Ulikuwa unauma? Ulikaa nao muda gani kabla hujaenda kupimwa? Na ile sindano ya kuchukua nyama, wanakuacha umelala au unaona? Na kama mtu akiamua asichomwe hiyo mionzi kabisa, wanamlazimisha, au anarudi kwake tu?

Nauliza kwa kutaka kujua. Kuna mteja wangu mmoja ana wasiwasi.

Wako


14 Aprili

Mdogo wangu,

Leo salamu nitaziweka mwisho.

Barua yako ilinikuta kitandani. Mikono haikuwa na nguvu, nikamwomba Karani anisomee. Akasoma ya Baba, akasoma ya mapazia, akafika kwenye maswali. Akayarudia polepole, nadhani ndivyo alivyokuwa akisoma maelezo ya mashahidi. Halafu akavua miwani.

"Mdogo wako ana miaka mingapi?"

Nikamwambia.

"Hapa hakuna mteja," akasema. "Haulizi habari zako. Anauliza habari zake."

Nikamwambia hapana, huyu ni mwoga tu tangu utotoni, akiona mende anapanda meza. Mdomo wangu ulikuwa unasema hivyo na mkono wangu unatafuta simu. Nimekupigia, hupokei. Nimempigia shemeji, akasema uko kwenye cherehani, hujambo. Sikumwambia kitu. Kama hujamwambia wewe, siwezi kumwambia mimi. Ndiyo maana nampa Binamu, aliyeleta mzigo tena, barua hii aibebe mkononi, na nimemwagiza asiondoke mpaka uwe umeifungua.

Kwa hiyo nakujibu kama ulivyouliza.

Uvimbe wangu ulikuwa mgumu, kama punje ya hindi chini ya kitambaa kinene. Haukuuma. Haukukimbia kidole. Lakini wako hauna lazima ya kufanana na wangu, na vidole vyetu havikusomea udaktari. Nilikaa nao muda mrefu kuliko ilivyofaa, nikijiambia ni mambo ya homoni. Sindano ya kuchukua nyama unaiona. Wanakutia ganzi, unasikia kusukumwa, unasikia mlio kama wa stepla. Inaisha. Na hapana, hakuna anayelazimishwa chochote.

Sasa mionzi. Pale kitandani kweli haiumi, hapo sikukudanganya. Wiki za mwanzo nilikuwa natembea mpaka sokoni. Halafu ngozi ikaanza kuwasha. Karatasi ilisema itakuwa nyekundu, basi nikawa nasimama mbele ya kioo natafuta wekundu, siuoni, najipongeza. Mdogo wangu, ngozi yetu haitangazi hivyo. Ilikuwa nyeusi kama sufuria iliyoungua, na chini ya weusi kuna zambarau. Muuguzi wa zamu aliangalia harakaharaka akasema niko vizuri. Ni muuguzi mkuu aliyeniwekea kiganja, akaagiza mwenzake naye aweke, akamwambia, "Huyu anaungua. Usitafute rangi, tafuta joto." Walinieleza kwamba kwa protoni moyo unapona lakini ngozi inaweza kupata kipimo kikubwa. Kinachookolewa ndani kinalipwa nje.

Kisha ikachubuka. Kwapani, na chini ya titi pale ngozi inapokunjana, ikawa mbichi, inatoa maji. Sikuweza kuvaa blauzi. Binamu alinikuta nimejifunika shuka jepesi, upande mmoja wazi, sina hata nguvu ya kuona aibu. Nilimwomba asikuambie. Najua alikuambia, uso wake haujawahi kuficha kitu. Meza haikuwa inacheza. Nilikuwa naandika nimelala ubavu wa kulia.

Kwa kuwa walinipiga mionzi mpaka juu karibu na mtulinga, ule mfupa wa chini ya shingo, koo nalo likapata. Kumeza kukawa kama kumeza kifungo. Siku moja nililia kwa ajili ya kipande cha mkate, mtu mzima, nimekishika mkononi.

Uchovu sikujua nitaufananisha na nini. Si wa kazi, kwa sababu hauondoki ukilala. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la korido, lifti ikafunguka mbele yangu, ikangoja, ikafunga, ikaenda. Niliiona vizuri. Kusimama tu kulikuwa mbali.

Na nikuambie jambo ambalo ukilisema pale shuleni nitakukana. Mimi na Karani tulipanda teksi kurudi hosteli, nikakaa mbele upande wa abiria, kiti changu cha siku zote. Mkanda ukapita juu ya titi. Nilipiga kelele mpaka dereva akapanda ukingo wa barabara. Mimi, niliyewashusha watu garini kwa sababu ya mkanda. Nikahamia nyuma, nikavaa mkanda wa upande mwingine, nikatia taulo katikati.

Kuna na ya baadaye ambayo hawana hakika nayo. Titi limevimba, likinywea litakuwa dogo na gumu kuliko mwenzake. Mkono wa kushoto haupandi mpaka mwisho, kila asubuhi nautembeza ukutani kwa vidole kama buibui. Mbavu za hapo zinaweza kuwa dhaifu miaka ijayo. Nilimuuliza daktari kama itarudi. Akasema, "Tumepunguza sana uwezekano. Sijasema tumeufuta." Nilimpenda kwa jibu hilo, ingawa sikulala vizuri.

Hayo ndiyo mabaya. Sasa sikiliza na upande wa pili, nao sitautia chumvi. Palipochubuka pameanza kufunga. Ngozi ya juu inabanduka kama karatasi ya zamani, na chini yake iko mpya, laini. Leo nimekunywa chai ya moto. Nimevaa blauzi, kubwa, ya kuazima kwa Karani, lakini nimevaa. Moyo wameupima, unapiga kama kawaida. Na wakiniuliza leo, ningelala tena juu ya kile kitanda.

Nilikuandikia "kama mtu aliyekaa juani" nikidhani nakukinga. Sikujua kwamba huko upande wa pili kuna mtu anayapima maneno yangu kwa tepu aamue kama atatibiwa au atanyamaza. Mama alijifunga kitambaa kifuani na mdomo pamoja. Sisi tulikuwa tumeanza kumfuata, wewe huko na mimi huku, kila mmoja akimhurumia mwenzake.

Nenda hospitali. Usisubiri mapazia yaishe. Ukumbi unaweza kukutana bila mapazia.

Salamu zangu zote ni zako leo, wengine watanisamehe.

Dada yako


9 Mei

Dada yangu,

Shikamoo, na pole. Pole ambayo ilibidi nikupe miezi miwili iliyopita kama ungeniruhusu.

Binamu alifika na barua, akasimama mlangoni pa karakana yangu mikono nyuma kama askari. Nikamwambia aketi. Akasema ameagizwa. Nilisoma nimesimama, kisha nikakaa juu ya marobota ya kitambaa, kisha nikasoma tena. Alipoona naanza kulia akasema, "Sawa, sasa naweza kwenda," akakimbia.

Uvimbe wangu niliugundua wewe ukiwa bado hujasafiri. Nilikuwa naoga. Ni titi la kulia, upande wa nje. Wiki ile tulikuwa tunakufungia mizigo, tiketi imeshakatwa, nikasema nikikuambia hutapanda gari. Nikasema nitangoja uniambie kule kukoje, halafu nami nitajua. Ukaandika haiumi, nikafurahi, nikapanga kwenda. Halafu Binamu akarudi. Hakuweza hata kuniangalia. "Amefunikwa shuka," akasema, "hawezi kuguswa na nguo." Nikaweka maneno yako pembeni ya maneno yake. Nikasema huyu ni Dada, aliyeteguka mkono akaendelea kufundisha na bendeji mpaka jioni. Kama yeye anaficha, basi hili halibebeki, na mimi si wewe. Nikaamua sitakwenda. Niliamua kabisa, Dada. Nilianza hata kumfundisha shemeji yako Baba anapenda uji mzito kiasi gani, bila kumwambia kwa nini.

Barua yako ilinitisha kuliko kitu chochote nilichowahi kusoma. Lakini hofu niliyokuwa nayo mwanzo haikuwa na umbo. Hii ina kwapa, ina koo, ina lifti. Niliona naweza kuitazama.

Nikaenda kwa mume wangu. Alikuwa anachomelea geti. Nikamwambia hapo hapo, kwa kuwa ningengoja amalize nisingesema. Akazima mashine. Akavua glavu moja, ya pili akaisahau mkononi. Hakuuliza kwa nini sikusema mapema. Akasema tu, "Vaa viatu." Tulienda hivyo hivyo, yeye na glavu moja, na mapokezi walimfikiria yeye ndiye mgonjwa.

Walinipiga picha, wanaliminya titi kama unga wa maandazi. Ile sindano ina mlio wa stepla kweli. Nilipousikia nilikaribia kucheka, nikajisemea, hapa Dada alishapita.

Majibu yalichukua muda, na huo muda sitaki kuuandika. Daktari ni mwanamke mdogo kuliko mimi. Alivuta kiti akakaa upande wetu wa meza. "Ni saratani," akasema. "Ni ndogo, na kwa vipimo vya sasa tezi za kwapani ziko safi. Tutaitoa, halafu mionzi." Nikamuuliza kama ni ya protoni. Akasema kwa upande wa kulia huenda ile ya kawaida ikatosha, lakini kwa historia ya mama na dada anataka wataalamu wa huko kwako waniangalie kabla hajakata chochote. Nikamwambia najua ngozi yetu inavyoungua. Akaniambia nieleze. Nikaeleza kila ulichoandika, na yeye akasikiliza mpaka mwisho.

Ilibaki kumwambia Baba. Alikuwa na bisibisi mkononi, redio iko wazi mbele yake. Kwa masikio yake ya uzee nilidhani hatanisikia vizuri, nikapandisha sauti, akainua mkono. "Nasikia," akasema. Kisha akasema, "Mama yenu aliniomba nisiseme kwa mtu. Nilimtii. Mpaka leo sijui nilikuwa namtii au nilikuwa naogopa." Akaweka bisibisi mezani, akanishika kichwa kama anavyofanya kwa watoto wadogo. "Safari hii sinyamazi. Akiuliza mtu, mwambieni aje kwangu." Na kweli, jirani alipouliza mbona macho yamevimba, Baba alimwambia ugonjwa kwa jina lake, kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri. Mtaa wote sasa unajua. Wameleta vyakula mpaka sina pa kuviweka.

Nakuja. Shemeji yako atanisindikiza mpaka stendi, atabaki na Baba mpaka siku ya operesheni. Nitafika Jumatatu, gari la asubuhi. Naogopa, Dada. Nimeliandika ulione kwa mwandiko wangu.

Mdogo wako


13 Mei

Mdogo wangu,

Nimesoma mwenyewe safari hii, sikumpa mtu.

Nilikuwa nirudi nyumbani wiki ijayo. Nimemwambia daktari sirudi. Akauliza kama kuna maumivu mapya. Nikamwambia ndiyo, yanakuja na gari la Jumatatu. Karani aliruhusiwa kuondoka jana, akakitandika kitanda chake mwenyewe kabla ya kutoka, akasema nikulindie. Nimeweka mkoba wangu juu yake, na kila anayekuja kukiulizia namkazia macho.

Sitakuambia usiogope. Nitakuambia kila kitakachouma kabla hakijauma, na kisichouma nitakuambia pia. Wewe nawe ukichoka, sema umechoka. Nikikereka, nitasema. Tutazoea.

Nitakuwa stendi. Nimeshafikiria namna ya kukukumbatia, maana mimi ni wa kushoto na wewe wa kulia, na hapo walipokuchoma sindano najua bado panauma. Tukisimama uso kwa uso, kubaya kwangu na kubaya kwako viko upande mmoja. Basi egemea upande ule mwingine, mdogo wangu. Huko sote wawili ni wazima.

Dada yako